Siku ya nne hakulia, nikalia mimi

*"Binti yangu ana miaka minne na miezi mitatu. Niliacha kazi alipozaliwa, na mwezi huu nimerudi, nauza vitambaa mjini. Wiki hiyo hiyo yeye ameanza PP1, mwaka wa kwanza wa nasari, katika shule ya serikali iliyo dakika nane kwa miguu kutoka nyumbani, Kayole, Nairobi. Siku tatu za kwanza alining'ang'ania langoni mpaka mwalimu akamchukua kwa nguvu kidogo. Siku ya nne hakulia. Alinipa mgongo akaingia, hata hakugeuka. Nikapanda matatu nikalia mimi, kutoka Kayole hadi Muthurwa. Nikajishangaa: si hivi ndivyo nilivyokuwa nikiomba? Na ukweli ni kwamba nafurahia kukaa kwenye gari mikono ikiwa mitupu, kisha najiona mama mbaya kwa kufurahia.*

*Nyanya yake, mama mkwe wangu, humchukua saa saba na nusu. Akifika nyumbani jambo dogo tu linamwangusha. Juzi alilia nusu saa kwa sababu uji uliwekwa kwenye kikombe chekundu badala ya cha bluu. Hakuwa hivyo. Darasani wako 42. Wifi yangu, ambaye mtoto wake yuko akademi, shule ya binafsi, na tayari anasoma Kiingereza, aliniuliza kama mambo yametuendea kombo hadi tukaishia shule ya kanju. Baba wa binti yangu ni dereva wa trela; alinipigia kutoka mpakani Malaba akasema 'atazoea tu'. Nyumbani tunaongea Kiswahili, nyanya humsemesha Kikamba, Kiingereza hana. Je, tumemtupa? Tungoje mwaka mmoja? Tukope tumpeleke akademi, ambako wanadai shilingi 25,000 kwa muhula? Mama mkwe naye anauliza kama anaweza kumpelekea chapati dirishani saa nne, maana anamwonea huruma."*

Dada yangu, tuanzie ndani ya hiyo matatu, maana swali lako lenyewe liko humo. Mengine yote, akademi, wifi, Kiingereza, nitayafikia.

Nilifundisha nasari miaka tisa kabla ya kusomea saikolojia ya watoto, na Januari zote tisa nilisimama langoni. Wazazi hudhani asubuhi hizo mwalimu anawatazama watoto. Mimi nilikuwa nawatazama kina mama. Anayelia siku ya kwanza tulimzoea, kila mtu ana leso ya kumpa. Lakini kulikuwa na yule wa katikati ya wiki, ambaye mtoto wake amekimbilia bembea bila kuaga, naye amebaki ameshika mkebe wa chakula kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Huyo ndiye niliyekuwa namwendea, kwa sababu huyo hana wa kumpa leso. Watu wanampongeza.

Ulichohisi si kitu kimoja, ndiyo maana kimekuchanganya. Kuna huzuni: miaka minne wewe ndiye uliyejua mtoto huyu amekula nini, amelala saa ngapi, amejikwaa wapi, na sasa kila siku kuna karibu saa sita ambazo hutazijua kamwe. Kuna ahueni ya mtu aliyebeba mzigo muda mrefu akautua. Kuna aibu uliyotiliwa na wifi. Na kuna hofu ya kweli kuhusu watoto 42 chumba kimoja. Vyote vinne vilipanda matatu moja asubuhi moja, ukavipokea kama donge moja kooni. Tena wiki hiyo hiyo wewe mwenyewe ulikuwa mgeni kazini baada ya miaka minne. Watu wawili kwenu walianza shule, mmoja tu ndiye aliyeshonewa sare.

Ahueni na huzuni hazihitaji kuamuliwa kama kesi, moja ishinde nyingine ifungwe. Zinakaa pamoja. Mama anayeniambia hakuhisi ahueni hata kidogo mtoto alipoanza shule, huwa namsikiliza kwa heshima, nikijua bado hajaniamini vya kutosha. Kufurahia mikono mitupu ndani ya gari hakumpunguzii mwanao kitu. Angepungukiwa kama ungefika jioni ukiwa huna hamu ya kumwona, na barua yako inaonyesha wazi kwamba hamu hiyo unayo.

Sasa tuje kwenye ule mgongo. Wewe uliusoma kama neno la kwaheri: hanihitaji tena. Hebu nikueleze jinsi sisi tunavyousoma.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda na mumewe, ambaye alikuwa amepata kazi Kampala. Akaanza kuzitembelea familia 26 za Kiganda katika vijiji vya karibu, akikaa nao mchana, akiwatazama watoto wachanga na mama zao mwezi baada ya mwezi. Alichokiona huko, hapa kwetu Afrika Mashariki, ndicho kilichokuja kuwa msingi wa sehemu kubwa ya tunachofundishwa leo kuhusu mtoto na mlezi wake: mtoto mwenye uhakika wa mama yake humwacha. Hutambaa akaenda kuchunguza kitu pembeni, akageuka kuhakikisha mama yupo, akaenda mbali zaidi, akirudi mara kwa mara kumgusa goti. Mama ni kama kituo anakotoka na kurudia. Asiye na uhakika huo ndiye anayeshindwa kwenda, kwa sababu nguvu zake zote zinatumika kulinda asiachwe.

Mtoto wa miaka minne hatambai tena, lakini hesabu ni ile ile. Siku tatu alikuwa akikagua kama kituo kitahama. Nyanya alikuja saa saba na nusu Jumatatu, akaja Jumanne, akaja Jumatano. Wewe ulirudi jioni zote tatu. Alhamisi akawa na ushahidi wa kutosha kukupa mgongo.

Usiufanye mgongo huo kuwa cheti, hata hivyo. Siku moja ya kutolia haithibitishi kwamba amezoea, kama vile siku tatu za kulia hazikuthibitisha kwamba shule ni mbaya. Jumatatu ijayo, baada ya siku mbili za kukaa na wewe, huenda akalia upya. Jumatatu ina kilio chake, walimu wote wa nasari wanajua. Hata baada ya likizo ya Aprili unaweza kurudishwa mwanzo kwa siku mbili tatu. Na kuna watoto wasiolia kabisa, wanaokaa kimya kwenye kona mwezi mzima huku nyumba nzima ikiwasifu kwa ushujaa. Hao ndio waliokuwa wakininyima usingizi kuliko wenye kelele. Kwa hiyo machozi ya langoni yasikupe jibu, si la raha wala la shari. Jibu liko dakika kumi baada ya wewe kuondoka. Muulize mwalimu swali hilo hilo kwa maneno hayo: "Nikishaenda, huchukua muda gani kutulia, na akitulia hufanya nini?" Mtoto anayelia kwa dakika tano kisha akaenda kucheza yuko sawa kabisa.

Hapo kwenye kuondoka kuna jambo. Hukuniambia unaagaje, lakini najua ushauri unaozunguka mitaani, na nyanya wengi ndio wenyeji wake: mtoroke akiwa hajaona. Usifanye hivyo. Unaokoa machozi ya leo kwa kuyakopa ya wiki nzima. Mtoto akigeuka akakuta umepotea, anajifunza kwamba mama ni mtu anayeweza kupotea wakati wowote mtu akizubaa, na kuanzia hapo hazubai tena, si langoni tu, hata chooni nyumbani atakufuata. Aga waziwazi, kwa maneno yale yale kila siku, kisha nenda kweli. Usirudi kuchungulia. Na kwa kuwa saa saba na nusu kwake haina maana yoyote, mpe saa ya mambo: "Mtaimba, mtacheza nje, mtakula, halafu nyanya atakuja." Nyanya naye afike kwa wakati, hasa mwezi huu wa kwanza. Dakika kumi za kuchelewa kwa mtoto anayeona wenzake wakichukuliwa mmoja mmoja ni ndefu kuliko foleni ya magari ya barabara ya Outering jioni.

Na mkiwa nyumbani, isisikike hata mara moja ile sentensi ya "ngoja nimwambie mwalimu wako". Watoto wangapi niliwapokea wakiwa wameshanigeuza zimwi kabla sijawajua majina!

Tuje kwenye kikombe. Unasema hakuwa hivyo, na bila shaka unajiuliza wanamfanya nini huko. Swali hilo ni halali, na nitakuambia mbele ni dalili zipi zinahitaji kuchukuliwa kwa uzito. Lakini kikombe chekundu peke yake kina maelezo ya kawaida sana. Shuleni mtoto huyu anajizuia asubuhi nzima: anangoja zamu, anakaa pale alipoambiwa akae, anashikilia mkojo hadi aruhusiwe, anavumilia aliyemnyang'anya kalamu ya rangi, anasikia sauti za watoto 41. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayofanya kazi hiyo ya kujizuia, ni miongoni mwa zinazochelewa zaidi kukomaa. Hata kwa watu wazima huendelea kukua hadi miaka ya ishirini na kitu. Kwa mtoto wa miaka minne ni misuli midogo iliyobeba gunia. Saa saba na nusu gunia linatuliwa, na linatuliwa mahali salama, mbele ya mtu ambaye hataacha kumpenda kwa kelele. Ongeza njaa, ongeza usingizi wa mchana ambao pengine alikuwa akiulala nyumbani na sasa haupo. Kikombe ni bahati mbaya tu kilikuwa karibu.

Dawa yake ni ya jikoni na ya kitandani. Apewe chakula kabla ya kuulizwa chochote. Alale, au walau ajilaze kimya. Wakati wa kulala usiku uvutwe mbele, hata kama inamaanisha kwamba baadhi ya siku utafika kutoka mjini umkute ameshalala. Najua hilo linauma. Na "umesoma nini leo?" ni swali gumu kwake. Mtoto wa PP1 hakai akahesabu masomo. Muulize aliketi na nani, nani alilia, nani alichapwa na mvua. Au usimuulize, umwambie wewe ya kwako: leo nilikosea kukata kitambaa, bosi akanuna. Utashangaa jinsi atakavyokulipa kwa habari.

Kwa swali la shule yenyewe nitaongea bila kupaka mafuta.

Aibu aliyokutilia wifi yako ina historia, na si ya familia yenu. Januari 2003 ada za shule za msingi zilipofutwa, watoto walijaa madarasani kuliko viti, na wazazi wengi wa Nairobi wenye uwezo kidogo wakawahamishia watoto wao kwenye akademi zilizochipuka kila mtaa. Tangu hapo "shule ya kanju" ikawa jina la mtu aliyeishiwa. Kanju yenyewe, yaani halmashauri ya jiji, ilikwisha kaunti zilipoanza mwaka 2013, lakini jina limekataa kuzikwa. Siku hizi elimu ya kabla ya msingi iko mikononi mwa kaunti, Katiba ya 2010 ndiyo iliyoigawa hivyo. Hii ina maana kwako kwa jambo moja la vitendo: mwalimu wa PP1 ni mwajiriwa wa kaunti hata kama darasa lake liko ndani ya ua la shule ya msingi ambayo walimu wake wako chini ya TSC, tume ya taifa ya kuajiri walimu. Ukiwa na lalamiko, anza na mwalimu, kisha mwalimu mkuu, na likikwama hapo nenda ofisi ya elimu ya kaunti katika kaunti ndogo yenu.

Mtoto wa miaka minne anatakiwa kujifunza nini? Mtaala unaotumika tangu 2019 ni mmoja kwa shule ya serikali na kwa akademi inayoufuata: lugha, hisabati, mazingira, ubunifu na dini, kwa vipindi vya dakika 30, na vyote vinaitwa shughuli kwa sababu mtoto anatakiwa kushughulika. Kuimba, kupanga vizibo vya soda kwa rangi, kufinyanga udongo, kusimulia, kukata karatasi. Kusoma kwa ufasaha ni kazi ya huko mbele, baada ya kufika Gredi ya 1 akiwa na miaka sita. Mtoto wa wifi anayesoma Kiingereza akiwa na miaka minne huenda anasoma kweli, wapo wa aina hiyo. Mara nyingi amekariri ukurasa. Funika picha umpe sentensi mpya utajua. (Usifanye jaribio hili nyumbani kwa wifi, tafadhali, nisije nikaletewa barua ya pili.)

Kuhusu lugha ondoa wasiwasi kabisa. Sera ya Kenya, tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, ni kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha inayozungumzwa mahali anapoishi, na Kayole lugha hiyo ni Kiswahili. Shule nyingi hupuuza sera hii kwa sababu wazazi wanapenda kusikia Kiingereza, lakini sababu yake ni nzuri. Mtoto anapojifunza kusoma anagundua siri moja tu: kwamba alama kwenye karatasi ni sauti. Siri hiyo hugunduliwa haraka zaidi kwa lugha ambayo sauti zake anazijua, tena Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Akishaivunja kwa ba-be-bi-bo-bu, haivunji tena upya kwa Kiingereza. Anaongeza tu maneno na ukaidi wa tahajia ya Kiingereza. Na Kikamba cha nyanya kisiguswe. Hakimchanganyi. Ubongo wa umri huo unapokea lugha tatu bila kulalamika.

Lakini 42 ni wengi. Piga hesabu nami: mwalimu mmoja, saa tatu za kazi halisi, gawa kwa 42, kila mtoto ana dakika nne na kidogo za uso kwa uso, na hizo ni kabla ya kufunga viatu na kusuluhisha ugomvi. Mtoto wa miaka minne hujifunza kuongea na kufikiri kwa kurushiana maneno na mtu mzima anayemjibu, na dakika nne hazitoshi. Pengo hilo lipo na wewe utalazimika kuliziba. Bahati nzuri nyumbani kwenu kuna nyanya, naye ana saa nzima ya mchana. Wachambue maharagwe wakihesabu. Amsimulie hadithi, kisha mtoto amsimulie yeye ile ile. Hakuna akademi ya shilingi 25,000 inayouza hicho.

Omba ruhusa uingie darasani asubuhi moja ya kawaida, si siku ya wazazi. Wiki ya tatu ni nzuri, vumbi limetua. Usitazame rangi ya ukuta. Sikiliza sauti ya mwalimu: je, anaita watoto kwa majina au kwa "wewe"? Je, anamjua wa kwako kwa jina lake? Tazama watoto wanapomkaribia, kama wanamkimbilia au wanajikunyata. Uliza kama ana msaidizi. Nenda chooni mwenyewe, uone kama mtoto mdogo anaweza kujisaidia pale bila kutumbukia wala kuogopa, na kama maji ya kunawa yapo. Na chunguza kama kuna fimbo. Kumchapa mtoto shuleni kulipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumtesa, iwe kimwili au kisaikolojia. Fimbo juu ya meza ya PP1 si pambo, na hapo unayo haki ya kuuliza kwa sauti.

Uliza pia kuhusu chakula. Tangu 2023 Kaunti ya Nairobi ina mpango wa Dishi na County, ambao mtoto hula mlo wa moto wa mchana kwa shilingi 5, akigusisha bangili ya mkononi inayojazwa pesa na mzazi kwa simu. Kama shule yenu iko kwenye mpango huo, kilio cha kikombe kinaweza kupungua kwa hilo pekee. Na pesa nyingine yoyote utakayoambiwa utoe, omba risiti.

Sasa nipime zile njia tatu ulizotaja.

Kungoja mwaka mmoja si kosa lolote. Kuna watoto wa miaka mitatu na nusu walioingizwa PP1 kwa haraka ya wazazi ambao ningewarudisha nyumbani leo. Lakini wa kwako ana umri uliokusudiwa, ameshaanza, na siku ya nne aliingia kwa miguu yake. Ukimtoa sasa atajifunza kwamba kilio hufungua lango, na mwakani utaanza upya na mtoto mwenye nguvu zaidi.

Akademi kwa mkopo mimi sikushauri. Shilingi 25,000 mara mihula mitatu ni 75,000 kwa mwaka, kabla ya basi, sare na picha za grajuesheni. Zipo akademi nzuri zenye watoto 18 darasani na mwalimu mpole, na kama mngekuwa na fedha hiyo mkononi ningekuambia nenda ukaitazame kwa macho yale yale. Zipo pia zenye uzio wa rangi ya chungwa na kurasa tatu za homwaki kwa mtoto asiyeweza kushika penseli. Deni huingia nyumbani likakaa mezani pamoja nanyi, na mtoto huyasikia mabishano hata mkinong'ona. Kisha kuna basi. Umeona hapo mtaani watoto wa miaka minne wakisimama barabarani gizani, saa kumi na moja na nusu, wakisinzia wima? Dakika nane kwa miguu, mkono kwa mkono na nyanya, ni anasa ambayo matajiri wa Runda hawana.

Ningekuwa wewe ningebaki, ningeenda kutazama darasa, na ningeamua upya wakati wa likizo ya Aprili nikiwa na niliyoyaona mwenyewe. Ukikuta fimbo, au choo cha hatari ambacho hakuna anayekijali, au mwalimu ambaye watoto wanamwogopa na uongozi haujali, usingoje Aprili. Mtafutie nafasi shule nyingine ya serikali iliyo karibu. Kuhama hakulazimishi kwenda akademi.

Ni lini kikombe si kikombe tu? Kilio cha asubuhi kikiendelea bila kupungua kwa zaidi ya wiki nne. Tumbo au kichwa kuuma kila asubuhi ya shule na kupona Jumamosi. Kuanza tena kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha kwa miezi, na hali hiyo ikadumu. Kutokula. Jinamizi usiku baada ya usiku. Kutosema neno hata moja shuleni mwezi mzima ilhali nyumbani ni kasuku. Kumwogopa mtu mmoja maalum, awe mwalimu, bawabu au mtoto mkubwa. Alama mwilini asizoweza kuzieleza, au kukataa ghafla kuguswa akioshwa. Kwa hizi mbili za mwisho usingoje wiki nne, usingoje hata kesho: mpeleke hospitali, na unaweza kupiga 116, simu ya watoto, bila malipo, mchana au usiku. Kwa zile nyingine anza na mwalimu na kliniki unayompeleka. Ukihisi anachelewa kuongea, kusikia au kuelewa kuliko wenzake, omba kuelekezwa kituo cha EARC, ambako watoto hupimwa mahitaji yao ya kujifunza, au kwenye kituo cha upimaji cha KISE, taasisi ya elimu maalum, pale Kasarani.

Na wewe pia nikutazame. Kulia siku moja hadi Muthurwa ni kawaida. Ikiwa wiki mbili zitapita na bado unalia karibu kila siku, hulali, chakula hakina ladha na kazi haishikiki, hilo si suala la PP1 tena. Mwambie daktari au muuguzi wa kituo cha afya kama ungemwambia homa.

Baba yake asema "atazoea tu". Pengine ni kweli, lakini fikiria alikosema: kwenye foleni ya malori Malaba, mtu anayeachana na mtoto huyo huyo kila wiki na ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza anajisikiaje. Jaribu kumuuliza, si kwa simu ya asubuhi, usiku akiwa ameegesha. Mwombe pia arekodi ujumbe mfupi wa sauti ambao mtoto atausikia kabla ya kutoka.

Halafu kuna mama mkwe, na chapati yake. Katika miaka yangu yote hii hakuna aliyewahi kuniandikia kuhusu huzuni ya nyanya, na hapa ninaiona imesimama dirishani saa nne. Miaka minne alikuwa na mwenzake wa mchana. Sasa nyumba iko kimya kuanzia saa mbili. Asije dirishani, mwambie kwa upole: mtoto aliyekwisha kutulia akimwona atalazimika kuachwa mara ya pili siku hiyo hiyo, na wenzake 41 watataka kujua chapati zao ziko wapi. Aipike saa sita. Aifunge kwenye kitambaa ibaki na joto, awe langoni saa saba na robo, mbele ya nyanya wote, ili mlango ukifunguliwa awe wa kwanza kuonekana. Na uji wa jioni, kwa wiki hizi chache, uwekwe tu kwenye kikombe cha bluu.